Simu yako inaweza kukusomea: jinsi ya kutumia kisoma skrini ikiwa huoni au unaona kidogo

Ujumbe umeingia kwenye simu yako. Umesikia mlio, umeishika simu, lakini huwezi kuona kilichoandikwa. Inabidi umsubiri mtoto atoke shuleni, au umwite jirani. Pengine ni tangazo la siku ya mgao. Pengine ni pesa ulizotumiwa na ndugu yako. Na kama ni pesa, huyo anayekusomea ujumbe ndiye pia anayekubonyezea namba ya siri, kwa hiyo anaijua. Akiwa mwaminifu, Mungu ambariki. Asipokuwa mwaminifu, hutajua mpaka siku utakapokwenda kwa wakala na kuambiwa hakuna kitu.

Makala hii ni kwa ajili yako wewe usiyeona au unayeona kidogo, uwe mkimbizi au mwenyeji, uwe Dadamu, mjini Arua, Koboko, Lobule, Rhino Camp au Imvepi. Ni kwa ajili pia ya mtu anayekusaidia. Tutaeleza jinsi simu inavyoweza kukusomea yenyewe, jinsi ya kuiwasha sauti hiyo, jinsi ya kulinda namba yako ya siri, na mambo ambayo simu haiwezi kukufanyia.

Ikiwa unasomewa makala hii na mtu mwingine, mwombe asome polepole, na simu iwe mkononi mwako, si mkononi mwake.

Kisoma skrini ni nini?

Kisoma skrini ni programu iliyo ndani ya simu ambayo inasema kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye kioo cha simu. Ukigusa mahali, inakutajia jina la kitu ulichogusa: "Simu", "Ujumbe", "Kamera". Ukifungua ujumbe, inakusomea ujumbe wote.

Kwenye simu za Android, kama Tecno, Itel, Infinix na Samsung, kisoma skrini kinachotumika zaidi kinaitwa TalkBack. Kwenye iPhone kinaitwa VoiceOver. Vyote viwili viliingia kwenye simu mwaka 2009, kwa hiyo si kitu cha majaribio. Watu wasioona duniani kote wanavitumia kila siku kazini, shuleni na sokoni.

Mambo matatu yanawazuia watu wengi kujaribu, na yote matatu si kweli:

- "Ni ghali." Hapana. TalkBack na VoiceOver ni za bure. Usimlipe mtu yeyote anayesema anakuuzia programu hiyo.
- "Inakula bando." Hapana. Ikishawekwa pamoja na sauti yake, inasoma hata kama simu haina intaneti.
- "Ni ya waliosoma." Hapana. Unachohitaji ni kusikia na kukumbuka miguso michache. Hata mtu ambaye hakuwahi kwenda shule anaweza kusikiliza ujumbe wake mwenyewe.

Kabla ya kununua simu

Simu ndogo za vitufe mara nyingi hazina kisoma skrini. Utahitaji simu janja, yaani simu ya kugusa. Si lazima iwe mpya wala ya bei kubwa, lakini ijaribu kabla ya kutoa pesa. Ukiwa dukani, fanya haya:

1. Mwombe muuzaji afungue Mipangilio, kisha aingie sehemu ya ufikivu. Kama simu iko kwa Kiingereza, sehemu hiyo imeandikwa "Accessibility". Akute TalkBack na aiwashe mbele yako. Kama hakuna, inaweza kupakuliwa bure kutoka Play Store ndani ya programu iitwayo Android Accessibility Suite, lakini ni salama zaidi kuchagua simu ambayo tayari inayo.
2. Sikiliza spika. Kama sauti inakwaruza au ni ndogo, acha simu hiyo.
3. Bonyeza vitufe vya sauti pembeni. Lazima vyote viwili vifanye kazi, kwa sababu utavitumia kuwasha na kuzima kisoma skrini.
4. Pitisha kidole kwenye kioo chote. Kioo kilichopasuka au chenye sehemu isiyosikia mguso kitakusumbua kila siku.
5. Chomeka visikilizi vya masikioni uone kama vinafanya kazi. Hivi utavihitaji kwa ajili ya siri zako, kama tutakavyoeleza hapa chini.

Laini ya simu isajiliwe kwa jina lako mwenyewe. Wenyeji wanatumia kitambulisho cha taifa. Tangu mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda imeruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Usikubali laini iandikwe jina la mtu mwingine kwa sababu tu huoni. Laini ikipotea au namba ya siri ikisahaulika, mwenye jina ndiye atakayesikilizwa.

Jinsi ya kuwasha

Kwenye Android: shika vitufe viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa pamoja. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Mara ya kwanza simu inaweza kuuliza kama una hakika, na mtu anayeona akusaidie kukubali. Kama haikuitika, mwombe aende Mipangilio, sehemu ya ufikivu, TalkBack, aiwashe, na awashe pia njia hiyo ya mkato ya vitufe vya sauti. Baada ya hapo utaiwasha na kuizima mwenyewe.

Kwenye iPhone: mwambie Siri kwa Kiingereza iwashe VoiceOver, au mtu akuwekee njia ya mkato ya kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Kwenye iPhone za zamani ni kitufe cha mbele.

Sasa jambo muhimu ambalo huwakatisha tamaa wengi siku ya kwanza: kisoma skrini kikiwaka, simu inabadilika tabia. Kugusa mara moja hakufungui kitu tena, kunakusomea tu. Mtoto akiichukua atasema simu imeharibika. Haijaharibika. Shika tena vile vitufe viwili vya sauti, na itarudi kama zamani.

Miguso ya kwanza ya kujifunza

Miguso hii ni ya TalkBack. Usijifunze yote siku moja. Anza na mitatu ya kwanza.

- Buruta kidole kimoja taratibu juu ya kioo. Simu inataja kila kitu kinachopita chini ya kidole.
- Telezesha kidole kimoja haraka kwenda kulia. Simu inakwenda kwenye kitu kinachofuata. Ukitelezesha kwenda kushoto, inarudi kwenye kilichotangulia. Hii ndiyo njia ya uhakika, kwa sababu huhitaji kujua kitu kiko wapi.
- Gusa mara mbili haraka, popote kwenye kioo. Kitu kilichotajwa mwisho kinafunguka.
- Sogeza vidole viwili pamoja juu au chini. Ukurasa unasogea.
- Telezesha kidole kimoja chini kisha kushoto bila kukiinua. Unarudi nyuma. Ukitelezesha juu kisha kushoto, unarudi mwanzo kabisa.
- Gusa mara moja kwa vidole viwili. Kwenye simu nyingi sauti inanyamaza. Huu ni muhimu pale simu inapoanza kusoma mbele za watu jambo ambalo hukutaka lisikike.
- Simu ikiita, gusa mara mbili kwa vidole viwili. Kwenye simu nyingi hiyo inapokea, na ukirudia inakata.

Kwenye VoiceOver miguso miwili ya msingi ni ileile: kutelezesha kulia na kushoto, na kugusa mara mbili.

Ndani ya TalkBack kuna mafunzo yanayokuelekeza mguso mmoja baada ya mwingine. Yafanye kwa utulivu, simu ikiwa juu ya meza au mapajani. Wiki ya kwanza jipe kazi ndogo: leo kusikia saa na kiwango cha betri, kesho kupokea simu, keshokutwa kumpigia mtu mmoja unayemfahamu. Dakika ishirini kila siku zinatosha. Kidole kina kumbukumbu yake; baada ya muda kitafanya bila wewe kufikiri.

Simu izungumze lugha gani?

Hapa eneo letu lina ugumu wake. Sisi tunazungumza Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba, Kibari, Kilingala, Kiswahili na nyingine nyingi. Visoma skrini havina sauti za lugha zote. Habari njema ni kwamba Kiswahili kimo. Kwenye Android, fungua Mipangilio, tafuta sehemu ya maandishi kuwa matamshi, kisha chagua Kiswahili. Sauti inapakuliwa mara moja tu, kwa hiyo fanya hivyo mahali penye intaneti ya bure au ukiwa na bando. Kama hukuipata, programu ya bure iitwayo eSpeak NG nayo inasoma Kiswahili. Sauti yake ni ya kimashine, lakini ni nyepesi na haihitaji intaneti.

Kumbuka kwamba sauti ya Kiingereza ikisoma ujumbe wa Kiswahili, maneno yanavunjika na hutaelewa. Sauti ya Kiswahili ikisoma Kiingereza, ni vivyo hivyo. Ikiwa unapokea ujumbe kwa lugha zote mbili, mwombe anayekusaidia akuonyeshe jinsi ya kubadili. Na kama ndugu zako wanakuandikia Kilugbara au Kikakwa, jaribu kusikiliza kwa sauti ya Kiswahili. Kwa kuwa Kiswahili kinatamka irabu jinsi zilivyoandikwa, unaweza kuelewa zaidi kuliko kwa sauti ya Kiingereza. Lakini kwa lugha hizo, ujumbe wa sauti ndio bora.

Mwanzoni punguza kasi ya usomaji. Ukizoea, utaiongeza mwenyewe.

Kuandika na kutuma ujumbe

Kuandika herufi moja moja kunawezekana: buruta kidole kwenye kibodi mpaka usikie herufi unayotaka, kisha inua kidole. Kwenye simu nyingine unagusa mara mbili badala ya kuinua. Ni polepole, lakini ndiyo njia utakayotumia kwa namba za siri.

Kwa ujumbe wa kawaida, tumia kipaza sauti kilicho kwenye kibodi. Unasema, simu inaandika. Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili tangu mwaka 2017, ingawa njia hii kwa kawaida inahitaji intaneti. Msikilize kabla ya kutuma kile simu ilichoandika, kwa sababu majina ya watu na ya vijiji vyetu mara nyingi huandikwa vibaya.

Kwenye WhatsApp, ujumbe wa sauti unakuondolea shida yote hii. Na ikiwa ulijifunza nukta nundu shuleni, fahamu kwamba tangu mwaka 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta nundu: vidole sita juu ya kioo, kama kwenye mashine ya kuandikia.

Pesa za simu na namba ya siri

Kwa wengi hii ndiyo sababu kubwa ya kujifunza. Menyu za MTN (*165#) na Airtel (*185#) zinasomwa na kisoma skrini kama maandishi mengine. Unasikia orodha, unatelezesha mpaka kwenye nafasi ya kuandika, unagusa mara mbili, unaandika namba ya chaguo lako, kisha unatelezesha mpaka kwenye kitufe cha kutuma.

Tatizo ni muda. Menyu hizi hazisubiri. Ukichelewa zinajifunga na inabidi uanze upya. Usiogope, kujifunga kwa menyu kabla hujaweka namba ya siri hakupotezi pesa yako. Anza kwa kufanya mazoezi ya kuangalia salio tu, mara nyingi, mpaka uzijue namba za menyu kwa kichwa. Halafu ndipo ujaribu kutuma kiasi kidogo kwa mtu unayemwamini.

Fuata kanuni hizi:

1. Vaa kisikilizi sikioni kabla ya kuweka namba ya siri. Bila hicho, simu inaweza kuitamka namba yako na kila aliye karibu akaisikia. Ndani ya mipangilio ya TalkBack kuna pia sehemu ya kuamua kama inaruhusiwa kutamka maneno ya siri.
2. Ficha skrini. Menyu ya TalkBack, ambayo kwenye simu nyingi inafunguka kwa kugusa mara moja kwa vidole vitatu, ina chaguo la kufanya kioo kiwe cheusi huku simu ikiendelea kusoma. Wewe unasikia, lakini aliye nyuma yako haoni kitu.
3. Sikiliza jina la mpokeaji na kiasi mpaka mwisho kabla ya kuthibitisha.
4. Ukiambiwa "nimekutumia kwa makosa, nirudishie", usirudishe kitu mpaka uangalie salio lako mwenyewe. Ujumbe wa uongo unasomwa kwa sauti ileile kama ujumbe wa kweli.
5. Ukishaweza kufanya mwenyewe, badilisha namba ya siri. Kama kuna watu walioijua kwa sababu walikusaidia zamani, huna haja ya kugombana nao wala kuwashuku. Ibadilishe tu.

Karatasi, picha na mabango

Kisoma skrini kinasoma maandishi. Mara nyingi hakisomi vizuri maandishi yaliyo ndani ya picha. Ndiyo maana ukitumiwa picha ya tangazo kwenye WhatsApp, simu nyingi zitasema "picha" na kunyamaza.

Zipo programu za bure zinazojaribu kuziba pengo hili. Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft zinatumia kamera kusoma karatasi. Be My Eyes, iliyoanzishwa nchini Denmark na kuanza kutumika mwaka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona kile kamera yako inachoona na kukueleza. Zinasaidia kusoma lebo au kujua rangi ya nguo. Lakini zinahitaji mwanga wa kutosha, na simu ya video inakula bando. Usizitumie kwa barua za ofisini, majibu ya hospitali au kadi ya ukimbizi, kwa sababu unamwonyesha mtu usiyemjua mambo yako ya ndani.

Mambo ambayo simu haiwezi kukufanyia

Simu si fimbo nyeupe. Ramani ya simu haioni shimo, mbuzi aliyefungwa njiani wala bodaboda inayokuja. Ukitembea, acha masikio yote mawili wazi, simu ikae mfukoni.

Simu haifanyi kazi bila chaji. Ukificha skrini, betri inaweza kudumu zaidi. Lakini usiache simu yenye pesa kwenye kibanda cha kuchajia bila kuifunga kwa namba ya siri.

Na simu haitibu macho. Baadhi ya upofu unatibika, kama ule wa mtoto wa jicho. Mwingine unazuilika, kama ule wa usubi na trakoma. Kama hujawahi kupimwa, au uoni wako unapungua, nenda kituo cha afya kwanza na uulize kuhusu rufaa ya macho. Kujifunza simu na kutafuta matibabu vinaweza kwenda pamoja.

Kwa familia, majirani na viongozi

Wewe unayemsaidia: weka mikono yako nyuma. Ni rahisi zaidi kumnyang'anya mama simu na kumfanyia kuliko kungoja akitafuta kitufe dakika tatu. Lakini ukimfanyia leo, kesho atakuita tena. Mwambie kwa maneno, "telezesha kulia mara mbili", na umwache afanye.

Viongozi wa vitalu, wajumbe wa kamati za ustawi wa wakimbizi, wenyeviti wa LC1: tangazo la mgao, chanjo au mkutano liandikeni kwa maneno ndani ya ujumbe, au litumeni kwa sauti. Msitume picha ya karatasi peke yake. Sisi tunaofanya kazi ya mawasiliano tumekosea hapa mara nyingi. Tumetuma mabango mazuri yenye rangi, na wale waliohitaji habari hiyo zaidi wakasikia neno moja tu: "picha". Mkituona tukirudia, tuambieni.

Ni haki yako

Kupata habari kwa njia unayoweza kuitumia si hisani. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 35, inatambua heshima na utu wa mtu mwenye ulemavu.

Ukihitaji msaada au ukitaka kutoa malalamiko:

- Mkimbizi anaweza kupiga simu ya bure ya UNHCR na washirika wake, 0800 323232, au kwenda kwenye dawati la ulinzi katika makazi yake. Eleza kwamba huoni na useme njia unayotaka kujibiwa.
- Mwenyeji anaweza kuonana na madiwani wanaowakilisha watu wenye ulemavu katika kata ndogo yake. Kwa sheria wako wawili, mwanamke na mwanamume.
- Chama cha Kitaifa cha Wasioona cha Uganda, UNAB, kipo tangu mwaka 1970 na kinatetea wasioona nchini kote.

Kama tayari unatumia kisoma skrini, wewe ni mwalimu ambaye mtaa wako unamhitaji. Mtafute mmoja asiyejua, kaeni chini ya mwembe, mmpe kidole chake kazi: kulia, kulia, gusa mara mbili. Siku atakayosikia ujumbe wa mwanawe bila kumwita mtu, hatahitaji kuelezwa tena faida yake.